UZI: "Warudi ofisini!" Sawa, lakini nani analipa?

1/ Mjadala wa kazi ukianza siku hizi, hukosi mwanasiasa wa kusema wanaofanyia kazi nyumbani ni wavivu, warudi ofisini. Mpinzani wake anajibu kwamba ofisi zimepitwa na wakati. Makofi pande zote. Mimi niko Kosele, Homa Bay, na naona wote wanaruka swali moja: gharama ni ya nani? Twende pole pole.

2/ Tulifikaje hapa? Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikataka ofisi na kampuni ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Korona ikapoa, lakini wengine walikuwa wameshapanga maisha yao huku ushago.

3/ Waajiri wana hoja, tusiwabeze. Mfanyakazi mgeni hujifunza haraka akikaa karibu na mzoefu. Siri za wateja ni ngumu kulinda kwenye kompyuta iliyo mezani sebuleni. Na huku kwetu mvua ikinyesha stima ikapotea, mkutano umeisha.

4/ Lakini amri ni moja, uzito si mmoja. Wa Rongai akiitwa ofisini Nairobi anatafuta matatu. Wa Kosele anatafuta nyumba. Ni zaidi ya kilomita 300. Hapo kuna diposti, kodi, nauli ya kila siku, na ile pesa ya kusaidia wazazi inaanza kupungua. Mshahara ni ule ule.

5/ Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba wa maandishi utaje mahali pa kazi. Hilo likibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi. Ujumbe wa Ijumaa usiku, "Jumatatu wote ofisini", si mashauriano.

6/ Sasa tahadhari. Kama mkataba wako unasema Nairobi, na nyumbani ulikaa kwa ruhusa tu, bosi ana nguvu. Ukikosa kazini bila ruhusa wala sababu halali, kifungu cha 44 kinahesabu hilo kuwa kosa kubwa. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa kabla ya kufutwa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Soma mkataba kwanza, jibu baadaye.

7/ Kuna mchanganyiko mwingine: ofisi za umma. Katiba, kifungu cha 6, inataka huduma za serikali ya kitaifa zifikike sehemu zote za nchi. Mama akifika akakuta koti kwenye kiti na mwenye koti hayupo, huo ni utoro, haihusiani na kufanyia kazi nyumbani. Usikubali koti hilo litumiwe kumchapa kijana anayekesha kwenye simba yake akimalizia kazi ya kampuni.

8/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani kusema "warudi", muulize matatu: Unamaanisha ofisi ya umma au kampuni? Mkataba unasema wapi? Na kodi ya Nairobi, nani anaongeza? Akijibu yote, huyo ana sera. Akikwepa, ujue anatafuta makofi tu.