Bahari Isiyo na Mnazi

Picha niliipiga mchana juu ya kilima cha mchanga, kusini ya Walvis Bay, Namibia, ikaondoka jioni tuliporudi kwenye mtandao. Mama akaiangalia, akanyamaza, halafu akatuma sauti: "Mwanangu, hiyo bahari gani haina hata mnazi mmoja? Si jangwa hilo?" Mama ni mtu wa Tanga. Kwake bahari na jangwa ni wake wenza wasiolala nyumba moja. Nikamjibu kwamba ni vyote viwili. Jibu halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha.

Nasoma Windhoek, huu mwaka wa pili. Wikiendi ile ya Novemba tulikuwa wanne kwenye pikapu ya mwenzetu mmoja, tukashika barabara ya kuelekea Swakopmund, safari ya kilomita kama 360. Windhoek iko juu, mita 1,650 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo njia nzima unashuka. Mtu aliyezoea kutoka Morogoro kwenda Dar anajua kushuka kuna maana gani: koti linaingia kwenye begi na feni ndiyo inayotafutwa. Usakos tulipita vioo vyote viko chini, jasho linatiririka. Tukaipita Arandis. Bado hatujaiona bahari, tukaanza kupandisha vioo kimoja kimoja, na mwenye gari akaomba apewe sweta lake. Kwetu ukishuka pwani unavua. Huku ukishuka pwani unavaa.

Kisa chote kiko kwenye ubaridi huo. Maji ya pwani hii ni ya Mkondo wa Benguela, unaopanda kutoka kusini ukifuata ufuo wa magharibi wa Afrika. Niliingiza miguu nikaitoa mbio. Tanga maji ni uvuguvugu mwaka mzima. Haya mara nyingi yako chini ya nyuzi 18. Mkondo wenyewe unatoka upande wa baridi, lakini kuna jingine. Upepo wa kusi wa huku unavuma sambamba na ufuo karibu siku zote, na kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yanapinda kushoto, yanaondoka nchi kavu kwenda kilindini. Ukipuliza mchuzi wa moto, mafuta yanakimbilia ukingo wa pili na mchuzi wa chini unajitokeza. Hapa kinachojitokeza ni maji ya chini, ya baridi na yenye rutuba nyingi.

Sasa hewa iliyolala juu ya maji hayo nayo inapoa, inakuwa nzito, haipandi. Juu yake kuna hewa kavu yenye joto, imekaa kama mfuniko wa sufuria. Mvua haiji mpaka hewa ipande, na hii imefunikwa. Mawingu ya Bahari ya Hindi ambayo yangeweza kusaidia yanatoka mashariki, yanavuka bara zima yakimwaga njiani, na yakifika huku hayana kitu. Ndiyo maana Walvis Bay hupata chini ya milimita 20 za mvua kwa mwaka, wakati Tanga inapata zaidi ya 1,000. Kwa hiyo mama asishangae jangwa kufika mpaka baharini. Bahari yenyewe ndiyo iliyolileta.

Wala si jambo geni kwetu kama linavyoonekana. Kusi letu likishapita Lamu na kukaza mwendo, hufanya kazi hiyo hiyo kwenye pwani ya Somalia: huvuta maji ya baridi juu, na ufuo wake ni mkavu. Ndugu zetu walioko Oman wanaijua sura nyingine ya kisa hiki. Upepo wa kusi unaopita juu ya maji baridi ndio unaowaletea ukungu wa Salalah, ule msimu wa kharif ambao watu wa Muscat huufuata kwa magari.

Ukungu wa jangwa hili la Namib hauna watalii wengi wa kuushangilia. Asubuhi ya Jumamosi tuliamka hatuoni ng'ambo ya barabara. Magari yalipita na taa zimewashwa, na kioo cha pikapu kilikuwa kinachuruzika kana kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Chini mchanga ulikuwa mkavu. Watu wa huku wamejifunza kuutumia. Kuna barabara za pwani hii zilizojengwa kwa jasi na maji ya chumvi, zikashindiliwa, na unyevu wa ukungu unasaidia kuzishikamanisha. Zimeng'aa kama lami, na zikilowa zinateleza vibaya.

Wako na wanaounywa. Gobabeb, ndani ya jangwa, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1962, na mwaka 1976 watafiti wawili, Hamilton na Seely, walieleza habari za mbawakawa mmoja mweusi ambaye ukungu ukija hupanda mpaka kwenye ukingo wa kilima, huinamisha kichwa na kuinua makalio kuelekea upepo. Matone yanajikusanya mgongoni, yanateremka, yanaingia mdomoni. Sikubahatika kumwona akinywa. Niliyemwona, kama alikuwa wa ukoo huo, alikatiza mbele ya kiatu changu kwa kasi ya mtu anayedaiwa.

Mchanga nao umetoka mbali. Mwingi uliteremshwa na mto Orange kutoka milima ya Lesotho na Afrika Kusini, ukamwagwa baharini, mawimbi yakausogeza kaskazini, upepo ukaurudisha nchi kavu. Karibu na maji ni wa rangi ya maziwa. Ukienda ndani unazidi kuwa mwekundu, kwa sababu chuma kilichomo kimeshika kutu miaka na miaka. Mto Kuiseb, ambao siku nyingi hauna maji, ndio unaouzuia usiendelee: kusini yake vilima, kaskazini yake uwanda wa kokoto. Haya nilielezwa nikiwa nimepiga magoti nachimbua tairi, maana tulishanasa. Tuliingia mchangani na upepo wote kwenye matairi, kama tunakwenda sokoni. Mzee mmoja aliyepita akatuambia tupunguze upepo, tukaupunguza, gari likatoka lenyewe kana kwamba lilikuwa linatudhihaki.

Jioni nilikwenda peke yangu makaburini Swakopmund. Upande mmoja makaburi ya Wajerumani yana mawe na majina. Upande mwingine ni vichuguu vya mchanga, safu baada ya safu, bila majina. Ni Waherero na Wanama waliokufa wakiwa mateka wa Wajerumani katika vita vya 1904 hadi 1908. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwamaliza Waherero Oktoba 1904, alikuwa amekwisha kutumikia jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki miaka ya 1890. Na wakati huku wanakufa, kwetu ilikuwa Maji Maji. Mateka waliletwa kutoka nyanda za juu zenye joto, wakafungiwa kambini hapa pwani na kufanyishwa kazi, nguo hafifu, chakula kidogo. Ukungu huu niliokuwa nausifu asubuhi ulichangia kuwaua wengi wao.

Walvis Bay nayo ina historia yake: Waingereza waliishika mwaka 1878, na hata Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 bandari ilibaki mikononi mwa Afrika Kusini mpaka 1994. Mlinzi wa pale tulipolala, mzee wa sabini na kitu, aliposikia nimetoka Tanzania alicheka akasema kwa Kiswahili, "Ugali na maharage!" Alikuwa Kongwa, Dodoma, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Namibia, SWAPO. Maneno mengine yamemtoka, hayo yamebaki.

Sasa samaki. Maji hayo ya chini yanayopanda na rutuba yake yameifanya bahari hii kuwa miongoni mwa zenye samaki wengi duniani, nami mtoto wa Tanga nikatembea ufuo mzima nikitafuta ngalawa. Hakuna hata moja. Mawimbi ni makali, bandari ni chache, uvuvi ni wa meli kubwa. Samaki wa thamani wengi wanakwenda Hispania, na wengine, mfano wa kibua, wanapanda malori yenye majokofu kuelekea Lubumbashi. Hakuna soko kama la Deep Sea la kwetu Tanga, la kwenda alfajiri kubishana bei na mchuuzi. Nikaingia supamaketi, nikanunua samaki waliogandishwa kwenye boksi, mawimbi yanasikika mpaka mlangoni.

Usiku niliwapikia wenzangu mchuzi wa nazi, nikampigia mama video aone. Akaniuliza nazi nimeipata wapi. Nikamgeuzia kopo asome: Thailand.