Msimamizi wa Kocha si Nokoa

Swali hili nimeulizwa tena wiki iliyopita, barazani Shangani, na kijana aliyekwisha kutimiza miaka sita katika ukocha wa viongozi, mwenye cheti chake na wateja wake katika mahoteli ya Nungwi na Paje, akaniambia kwa adabu zote: "Maalim, mimi nimesoma na uzoefu ninao; msimamizi wa nini tena?" Nimekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi, kwa upole, hata upole wenyewe umeanza kunipungukia, maana nyuma yake imekaa dhana moja inayowadhuru watu wasio na habari kwamba wanadhurika, nao ni wale wanaokuja kutufungulia vifua vyao na kutulipa juu yake.

Sehemu ya kosa, nakiri, imo katika neno lenyewe. Katika mashamba ya karafuu ya zamani msimamizi alikuwa juu ya nokoa, na nokoa juu ya kadamu, na wote watatu juu ya mtumwa. Basi si ajabu kwamba mtu wa Unguja akisikia "usimamizi" hutazamia bakora. Muradi wangu si huo. Usimamizi wa kitaalamu ni kikao ambacho kocha humpelekea mwenziwe aliyefunzwa kazi hiyo mazungumzo aliyoyafanya na mteja, pasi na kumtaja jina, wakayachambua pamoja: kipi kilisemwa, kipi kilinyamaziwa, na kwa nini kocha aligeuza njia pale alipogeuza. Brigid Proctor wa Uingereza, katika miaka ya 1980, aliwapangia washauri nasaha shughuli tatu za kikao hicho, yaani kumlinda mteja, kumkuza mtaalamu na kumhuisha anapochoka, na makocha wamezirithi kama zilivyo. Wala kikao hiki si zile saa 10 ambazo International Coaching Federation humtaka mwombaji wa cheti akae na kocha mwandamizi ampime ustadi wake. Zile hutazama ufundi, na hiki humtazama mtu aliyeushika ufundi.

Ama dhana yenyewe ni kwamba uzoefu humsimamia mtu, na kwamba kocha aliyeketi na wateja mia amekwisha kusahihishwa na wateja mia. Nahodha wa Malindi husahihishwa na mwamba siku ile ile; fundi wa milango ya nakshi akikosea pigo moja la patasi hulikuta kosa lake kila apitapo mbele ya nyumba ile; lakini kocha hukosea, na mteja wake husimama, humpa mkono, humwambia "ahsante sana, nimefaidika", kisha harudi. Na khasa hapa kwetu, ambapo watu wamelelewa kumstahi mwalimu na mkubwa, na kumwambia mtu uso kwa uso kwamba hakukufaa ni jambo ambalo aghalabu hatulifanyi hata tukisukumwa, staha hiyo, ambayo ni pambo letu na sitaki itutoke, humnyima kocha habari ile moja ambayo uzoefu wake ungeihitaji ili uwe elimu. Kosa lisilorudishiwa jibu mkono hulizoea, ukalifanya kwa wepesi na kwa yakini zaidi kila mwaka.

Wala hili si la kukisia. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha, Marekani, utafiti uliowafuatilia matabibu wa nafsi 170 na wagonjwa wao 6,591, wakaona kwamba, ukiwatia wote katika hesabu moja, kadiri miaka ya tabibu kazini ilivyozidi ndivyo natija ya wagonjwa wake ilivyopungua. Ilipungua kidogo sana, na baadhi ya matabibu walizidi kuwa bora, lakini wastani haukupanda kama wote walivyoamini kuwa ungepanda. Miaka minne kabla yake Steven Walfish na wenzake waliwauliza wataalamu 129 wa afya ya akili wajipime wenyewe kwa wenzao, na hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani, ilhali mmoja katika kila wanne alijiona yumo katika kumi la juu la kila mia. Najua kwamba hao si makocha. Hao ni watu waliosoma miaka mingi na kufanya kazi chini ya macho ya wakubwa wao kabla ya kuachiwa mgonjwa. Sembuse sisi, ambao wengine tumepata vyeti vyetu kwa miezi.

Nami nina ushahidi wa karibu zaidi. Katika mwaka wangu wa kumi na mbili wa kazi nilikuwa na mteja, ambaye alama zake nimezibadili hata mwenyewe asijitambue, aliyeachiwa duka na marehemu baba yake, naye hajui alifanyeje. Vikao vitano tulizungumza juu ya kuliuza; nikayaandika maendeleo yake kwa furaha, nikastaajabu tu kwamba kila akija uso wake umezidi kukunjamana. Msimamizi wangu, bibi mmoja wa Mombasa mwenye maneno machache, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Neno kuuza, nani alilitamka kwanza?" Nikafungua daftari langu mbele yake, nikalitafuta, nikaliona: nililitamka mimi, katika kikao cha kwanza, na mteja kwa adabu yake alilipokea kama mtu apokeavyo kikombe asichokitaka. Baba yangu naye aliniachia shamba, na mimi nililikimbia. Miaka kumi na miwili ya uzoefu haikunionesha jambo hilo, maana uzoefu huo ulikuwa ukitazama kwa macho yale yale.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sayyid Ahmed bin Sumait alikuwa amekwisha kukalia kiti cha kadhi hapa Unguja, katika zama za Sayyid Barghash, aliposafiri mwaka 1885 kwenda Istanbul kukaa mbele ya Sayyid Fadhl kama mwanafunzi, na aliporejea mwaka 1888 akawekwa tena katika ukadhi. Alifuata elimu, wala sidai kuwa alifuata usimamizi wa namna yetu. Ninachodai ni kwamba watu wa cheo kile hawakuiona ijaza, yaani idhini ya mwalimu ya kufundisha, kuwa ukomo wa kukaa mbele ya mwingine.

Njia zipo, nazitaja kwa haraka. EMCC, jumuiya ya makocha iliyoanzia Ulaya, hutaka saa 1 ya usimamizi kwa kila saa 35 za kazi, na zisipungue saa 4 kwa mwaka. Anayeanza na azidishe. Asiyempata mtu Unguja amtafute Dar es Salaam au Nairobi, kwa simu ya video. Asiyemudu ada peke yake aungane na wenziwe wanne au watano wagawane msimamizi mmoja. Kikao cha makocha watupu ni bora kuliko upweke, iwapo wameandikiana masharti ya siri. Kundi la WhatsApp silo, maana kisa cha "meneja mmoja mwanamke wa hoteli ya Kiwengwa" kikiandikwa humo asubuhi, kabla ya alasiri wanywaji kahawa wa Jaws Corner watakuwa wamekwisha kumtaja jina, na amana imevunjika. Mwajiri wako asikusimamie, wala mkeo, wala mumeo. Mteja aambiwe siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba mazungumzo huenda yakapelekwa kwa msimamizi bila ya jina lake, na akubali ndipo muanze. Na mteja anayetaja kujidhuru hangojewi kikao chochote: apelekwe kwa matabibu, Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu, siku hiyo hiyo, nawe ufuatane naye.

Yule kijana wa Shangani nimempa majina ya watu watatu achague mmoja. Alitaka niwe mimi; nimekataa, kwa kuwa mama yake na mke wangu ni mtu na binamuye, na siku ya kumwuliza neno gumu ningelimeza.