Tiba ya mazoezi Geita: hesabu nauli kabla ya ada

Mchimbaji aliyevunjika mguu duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, kule Nyarugusu, akishatolewa plasta, ndipo kazi inapoanza. Goti limekakamaa, paja limesinyaa. Familia inajadili: hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Geita, hospitali ya Bugando kule Mwanza, au mzee wa kijijini anayekanda?

Wengi huulizia ada kwanza. Lakini mazoezi tiba hurudiwa kila wiki, pengine kwa miezi. Kila hudhurio lina nauli ya watu wawili, chakula, na siku ya kazi ya msindikizaji. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, ila nauli ya Mwanza iko palepale. Kwa mfupa uliounga vizuri, ningebaki Geita. Jeraha la uti wa mgongo au mfupa uliounga vibaya ningeupeleka Bugando, kisha mazoezi yaendelee karibu na nyumbani. Kukandwa kabla ya eksirei nisingekubali hata kwa bure. Mfupa ukihama, gharama huanza upya.

Popote uendako, lipia mtaalamu anayefundisha. Usiondoke kabla hajakuonyesha zoezi la nyumbani, ufanye mara ngapi, na maumivu yapi ni ya kusimamisha zoezi. Aliyepata kiharusi amwone pia mtoa tiba kwa vitendo, amrudishe kwenye kufunga vifungo, kushika kikombe na kuoga mwenyewe. Mirunda miwili iliyolazwa juu ya nguzo imara uani, kimo cha nyonga, inatosha kujishikiza anapojifunza kutembea.

Magongo usinunue bila kuyapima umesimama. Kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu, kiwiko kikunjike kidogo, uzito ubebwe na viganja. Gongo refu hugandamiza mishipa ya fahamu ya kwapani, mkono ukafa ganzi.

Mwenye ajira asikimbilie mfuko wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake, na aliyeumia kazini hugharimiwa matibabu pamoja na utengamao. Dai mapema kupitia mwajiri. Mchimbaji anayelipwa kwa mgao wa mawe mara nyingi hana mkataba wowote, na hili linaniuma. Kabla ya kushuka shimoni, aandikiane na mwenye duara: akiumia, nani atalipa plasta, na nani atalipa nauli za mazoezi mpaka atembee.