Tezi Ndogo Zitawalazo Kalsiamu Mwilini

Katika karne ya 19 madaktari wapasuaji wa Ulaya walikabiliwa na fumbo. Mgonjwa wa rovu alipasuliwa shingo, uvimbe wote ukaondolewa, na jeraha likaanza kupona vyema. Baada ya siku chache vidole vyake vilikufa ganzi, mikono ikakakamaa, na pengine misuli ya koo ikajibana hata akakosa pumzi. Mtu angedhani ni pepopunda. Lakini hapakuwa na kijidudu chochote. Chanzo kilikuwa kisu chenyewe.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, ambayo ndiyo ivimbayo ikawa rovu, zimejibanza tezi nyingine ziitwazo parathairoidi. Kwa kawaida ni nne, na kila moja haizidi sana punje ya mchele. Si ajabu, basi, kwamba zilitupwa pamoja na rovu! Mwingereza Richard Owen aliziona katika mzoga wa kifaru wa Bara Hindi. Kwa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden, aliyezigundua angali mwanafunzi wa udaktari.

Seli kuu za tezi hizi zina vipokezi vinavyopima kalsiamu ya damu wakati wote. Kiasi chake hakina budi kuwa kati ya miligramu 8.5 na 10.5 hivi katika kila mililita 100. Kikipungua hata kidogo, seli humimina homoni. Homoni hiyo huifanya mifupa iachie kalsiamu yake, na huzifanya figo ziizuie isipotee katika mkojo, huku zikitoa fosfati. Tena figo hizo hizo huikamilisha vitamini D, ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka katika chakula. Mifupa yaweza kukopwa kwa muda. Moyo na neva haviwezi kungoja.

Homoni ikizidi, mkopo huo haukomi. Nahodha Charles Martell wa Marekani alivunjika mifupa mara kwa mara, akafupika kwa sentimita 18 hivi. Alipasuliwa mara sita bila mafanikio. Katika upasuaji wa saba, mwaka 1932, tezi iliyovimba ilipatikana kifuani, kwani tezi hizi huweza kupotoka njia mtoto angali tumboni. Alifariki dunia majuma sita baadaye.

Siku hizi mpasuaji wa rovu huzitafuta tezi hizi kwanza na kuzihifadhi. Iliyokatikiwa damu hukatwa vipande vidogo vidogo na kupandikizwa katika msuli wa shingo au wa mkono, nayo huweza kuota mishipa mipya na kuendelea na kazi yake.