Kovu la operesheni ya matiti: linavyopona na namna ya kulitunza

Wiki hii tunagusa jambo ambalo katika vikundi vyetu huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mkutano ukishafungwa: operesheni ya kuinua matiti yaliyolegea, na makovu inayoyaacha. Anayeuliza ni mama aliyezaa watoto wanne au watano, akawanyonyesha wote, na sasa anatazama mwili wake na kujiuliza kama unaweza kurudi. Hatuandiki ili kumsukuma mtu kwenye operesheni, wala kumcheka anayeitamani. Tunataka kila mmoja ajue mapema: kovu litakuwepo, litachukua mwaka mzima au zaidi kutulia, na sura yake itategemea sana ngozi uliyorithi na utunzaji wako nyumbani.

Kunyonyesha hakuna kosa

Tuondoe kwanza lawama moja. Daktari Brian Rinker, alipokuwa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, aliwachunguza wanawake waliofika kwake kwa ajili ya operesheni za matiti. Alikuta kwamba kulegea kunaendana na umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuwa sababu. Basi mama kijana asimnyime mtoto maziwa kwa kuogopa kulegea.

Mahali kovu linapokaa

Katika operesheni hii daktari huondoa ngozi iliyozidi, huinua nyama ya ndani, kisha hushona. Titi lililolegea kidogo huweza kukatwa kuzunguka duara jeusi la chuchu tu. Lililolegea zaidi huongezewa mstari unaoshuka kutoka kwenye duara mpaka chini ya titi. Lililolegea sana huongezewa mstari wa tatu, unaofuata mkunjo wa chini, na alama yote huonekana kama herufi T iliyogeuzwa. Mstari wa mkunjo hujificha chini ya titi, lakini ncha zake mbili, ya katikati ya kifua na ya upande wa kwapa, ndizo zinazopenda kuvimba na kuwa nene.

Kovu lina majira yake

Siku za kwanza jeraha huvimba na kuuma, maana mwili unasafisha. Wiki zinazofuata mwili husuka nyuzi mpya kuziba mahali palipokatwa, na hapo kovu huwa gumu, limeinuka, linawasha. Mama wengi huogopa wakati huu, wakidhani operesheni imeharibika. Tangu mwezi wa tatu hivi nyuzi hizo huanza kupangwa upya, na kovu hulainika na kushuka polepole, kazi inayoweza kuendelea hadi miezi 12 au 18. Kwa hiyo usilihukumu kovu la miezi miwili.

Na nguvu zake hurudi polepole pia. Baada ya wiki 3 kovu lina karibu sehemu moja tu kati ya tano ya nguvu za ngozi nzima. Baada ya miezi 3 hufikia karibu asilimia 80, wala halizidi hapo sana.

Keloidi: swali la kwanza kwa ngozi yetu

Kuna kovu nene linalobaki ndani ya mipaka ya jeraha. Hilo mara nyingi hupungua lenyewe. Keloidi ni jambo jingine: huvuka mipaka ya jeraha, huingia kwenye ngozi nzima na kuendelea kukua. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa vile linavyotambaa pembeni. Hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hufuata ukoo, na hupenda kifua, mabega na ndewe za masikio.

Kabla ya kukubali mkato wowote usio wa lazima, angalia mwili wako na wa ndugu zako. Je, tundu la hereni liliota uvimbe? Kovu la chanjo au la kuzaa kwa operesheni lilivimba na kutambaa? Kama ndiyo, mwambie daktari waziwazi, na ufikiri tena kama inafaa. Keloidi ikikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Daktari wa ngozi huweza kuipunguza kwa sindano zinazorudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Anayewahi mapema hupata nafuu zaidi.

Utunzaji wa nyumbani

Kwa wiki 4 hadi 6 usibebe mzigo mzito. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na kila unapoiinua ngozi ya kifua huvutwa. Mtoto mgongoni ni vilevile, tena kikwembe kinachofungwa juu ya matiti hukandamiza na kusugua jeraha. Hapa chama kina kazi: wenzake wamchotee maji na kumbebea mtoto. Msaada huo ni dawa.

Vaa sutiye laini isiyo na waya, kama ulivyoagizwa. Weka jeraha safi, na ukiruhusiwa, lipake vazelini tupu lisikauke. Usinyunyize unga wa vidonge vya antibiotiki, usipake dawa ya meno wala majani. Jeraha likiisha kufunga kabisa, kwa kawaida baada ya wiki 2 au 3, bandiko au jeli ya silikoni huweza kusaidia kovu lishuke. Bandiko hukaa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 2 au 3. Asiyeweza kulinunua aulize kuhusu sparadra ya karatasi, ambayo ni ya bei nafuu. Kulikanda kovu taratibu kwa kidole huanza baada ya daktari kukubali. Mafuta ya vitamini E yanasifiwa sana, lakini hayajaonyesha faida, na wengine huwawasha.

Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, maana moshi hubana mishipa ya damu na jeraha hukosa chakula chake.

Mafuta ya kuchubua ngozi tunayasema peke yake. Mengi yana dawa kali za kotikoidi zinazopunguza unene wa ngozi. Ngozi hiyo hushikwa vibaya na uzi, na hupona pole. Kama unayatumia, usimfiche daktari.

Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, au titi moja limevimba ghafla, rudi kituo cha afya siku ileile.

Maswali ya kwenda nayo

Je, nimemaliza kuzaa? Mimba nyingine huweza kulegeza tena. Mikato itakuwa mingapi na wapi? Nikipata mtoto baadaye, nitaweza kunyonyesha? Maziwa huweza kupungua. Titi limepimwa kama lina uvimbe? Na nani atalitazama kovu langu miezi inayofuata? Hili la mwisho linamhusu zaidi anayesafiri mbali, maana daktari aliyemkata hatakuwa jirani.

Wamama, utunzaji huu unafaa pia kwa kovu la kuzaa kwa operesheni na la jipu la titi. Lakini tusichanganye mambo. Operesheni ya kuinua matiti unaweza kuiahirisha, hata kuiacha kabisa, na ubaki mzima. Uvimbe kwenye titi hauahirishwi. Mwenye kuugusa leo aende kupimwa wiki hii, na akiogopa kovu, mmoja wetu amsindikize.