Magamba ya Areka: Mdudu Aliyewakimbia Adui Zake

Madoa madogo ya kahawia au manjano hafifu yanayojipanga kando ya uti wa jani la areka, mengi yakiwa na upana wa milimita mbili au pungufu, hudhaniwa kuwa kutu, vumbi au ugonjwa wa mmea. Ukiyakwangua kwa ukucha yanabanduka, na chini ya kila doa kuna mwili laini wa rangi ya manjano. Huyo ni mdudu gamba, jike aliyekwisha kupoteza miguu yake, aliyechomeka mrija wa mdomo ndani ya jani na ambaye hatahama hapo mpaka afe. Duniani wanajulikana wadudu wa kundi hili wa aina zipatazo 8,000, na jamii ya mnazi ni miongoni mwa mimea wanayoipenda mno. Ajabu ni kwamba kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuuma humshinda mwenye nyumba aliyejaza kabati dawa za kila namna. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba dawa haikuwa kali ya kutosha. Ushahidi wa zaidi ya miaka mia moja unaonyesha jambo tofauti kabisa: mdudu huyu hushinda pale anapokosa adui wa kumla siku hadi siku, na sebule ni mahali pa namna hiyo hasa.

Tuanze na mwili wake, maana humo ndimo dawa zinamokwama. Magamba wenye ngao, ambao ndio wasumbufu zaidi kwenye areka, hujijengea kifuniko cha nta kilichochanganywa na ngozi walizojivua. Kifuniko hicho hakikushikana na mwili; ni paa, na mdudu anaishi chini yake. Maji ya dawa huteleza juu ya paa hilo huku jike akiendelea kutaga mayai palepale alipo. Mayai yakianguliwa hutoka vitoto vyenye miguu, vidogo kama chembe za vumbi, ambavyo hutambaa kwa saa kadhaa au siku chache vikitafuta pa kutulia. Vikishatulia vinaanza kujenga paa lao. Kipindi hicho kifupi cha kutambaa ndicho pekee ambacho mdudu yuko wazi, na maji ya sabuni hafifu yanatosha kumuua. Gamba wa minazi, Aspidiotus destructor, humaliza mzunguko wake wa maisha kwa mwezi mmoja hivi katika joto la ukanda wa tropiki, na kwa kuwa majike hawatagi kwa pamoja, siku yoyote utakayopuliza dawa utawakuta wengi wakiwa mayai au watu wazima waliojifunika. Dawa ya siku moja, hata iwe kali namna gani, inakutana na sehemu ndogo tu ya kizazi.

Ile dhana ya ukali ilipata pigo lake la kwanza mapema sana. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu A. L. Melander, huko jimbo la Washington nchini Marekani, alichapisha makala yaliyouliza kama wadudu wanaweza kuzoea dawa. Aliyemsukuma kuuliza hivyo ni mdudu gamba wa miti ya matunda, ambaye katika baadhi ya maeneo alikuwa ameacha kufa kwa mchanganyiko wa chokaa na salfa. Huo ndio mfano wa kwanza ulioandikwa kisayansi wa mdudu kuwa sugu kwa dawa.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, somo kubwa zaidi lilitoka California. Katika miaka ya 1880 mashamba ya michungwa ya huko yalikuwa yakiangamizwa na gamba mweupe wa pamba, Icerya purchasi, aliyetoka Australia bila adui zake. Mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa Australia, akapeleka California mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis, na baada ya mwaka mmoja na ushei mashamba yakawa yamepona. Yalikaa hivyo kwa zaidi ya nusu karne, hadi DDT ilipoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Pili. DDT iliwaua mbawakawa, na gamba yule akarudi kwa kishindo. Mwanasayansi Paul DeBach akaigeuza balaa hiyo kuwa jaribio: alipuliza DDT kidogo kwenye baadhi ya miti kwa makusudi, ili kuwaondoa adui wa magamba, akaona magamba wakifurika kwenye miti hiyo huku miti ya jirani isiyopulizwa ikibaki salama. Kwa minazi habari ni hiyohiyo. Fiji ilipolemewa na gamba wa minazi, mbawakawa mwingine, Cryptognatha nodiceps, aliletwa kutoka Trinidad mwaka 1928, na minazi ikarejea hali yake.

Sasa itazame sebule kwa jicho la DeBach. Hakuna mbawakawa anayepita. Hakuna wale nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya mwili wa gamba. Hakuna mvua ya kuvisomba vitoto vinavyotambaa wala upepo wa kuvitupa mbali. Kwa macho ya mdudu gamba, nyumba yenye madirisha ya nyavu haina tofauti na mti uliopulizwa DDT. Areka yenyewe, iliyotoka Madagaska, haina namna ya kukimbilia. Kila shina la mti wa jamii ya mnazi lina shaha moja tu linalokua. Likifa, shina limekufa. Makuti mapya huchomoza machache kwa mwaka, na mmea unaokosa potasiamu huivuta kutoka makuti ya chini kulisha yale ya juu, kwa hiyo kukata makuti mengi ya kijani ili kuondoa wadudu ni kumnyang'anya mgonjwa chakula chake. Mwembe au mlimau ungeweza kukatwa matawi na kuchipua upya. Areka haiwezi.

Ikiwa tatizo ni kukosekana kwa adui, tiba yenye mantiki ni mwenye mmea kushika nafasi ya adui huyo, na adui huja kila mara, akila kidogo kidogo. Mmea utengwe na mingine. Kila baada ya siku saba hivi, kwa muda wa miezi miwili ili vizazi viwili vipite, makuti yafutwe kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, hasa upande wa chini na kando ya upongoo. Kisha pamba yenye spiriti ipitishwe ndani ya ala, pale kuti linapokumbatia shina, kwa kuwa huko ndiko majike hujificha. Baada ya kufuta, mafuta ya mwarobaini yaliyotengenezwa ili yachanganyike na maji yapulizwe jioni, jua likiwa halipigi jani, nayo yataziba matundu ya kupumulia ya vitoto. Yajaribiwe kwanza kwenye kuti moja kwa siku kadhaa, kwa sababu baadhi ya makuti huungua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi isimamishwe kwa muda, maana wadudu wengi wanaofyonza mimea huzaana zaidi kwenye majani laini yaliyoshiba naitrojeni.

Hapa kuna jambo linalowavunja moyo watu wengi bila sababu. Gamba aliyekufa haanguki. Paa lake linabaki limeganda kwenye jani kwa wiki au miezi, na anayeliona anadhani kazi yake imekuwa bure, ndipo anapokwenda kununua sumu. Minya magamba kadhaa kwa ncha ya sindano: yakitoa majimaji, mdudu yu hai, yakisagika kama unga mkavu, amekwisha kufa. Tena zungushia upongoo utepe unaonata pande zote mbili na uukague kila wiki. Vitoto vinavyotambaa hunasa hapo kama vumbi la manjano, na utepe huo utakuambia wakati hasa wa kupuliza vizuri kuliko kalenda yoyote. Ushahidi wa kupona uutafute kwenye kuti jipya. La zamani halitarudi kuwa safi.

Mtu atasema kwamba zipo dawa zinazomwagwa kwenye udongo, zikanyonywa na mizizi na kumfikia mdudu chini ya paa lake. Zipo, na dhidi ya magamba laini, wale wanaodondosha majimaji matamu yanayoota ukungu mweusi kama masizi, zinafanya kazi vizuri. Lakini magamba wenye ngao hawanywi kwenye mishipa inayosafirisha sukari; wanatoboa seli za jani moja moja, na ndiyo maana imidakloprid, dawa maarufu ya kundi hilo, huwaathiri kidogo sana. Kwa hiyo anayeiweka kwenye chungu cha areka bila kujua ana gamba wa namna gani huenda anaingiza sumu mahali watoto wanapocheza bila faida yoyote. Hoja nyingine ina uzito zaidi: hoteli au ofisi yenye makumi ya areka haina mtu wa kufuta kuti kwa kuti. Ni kweli, na hapo mpira wa maji wenye nguvu ya wastani, ukifuatiwa na mafuta yanayopulizwa kwa kufuata utepe, utapunguza kazi sana bila kuacha mantiki ileile ya kurudia. Ama kununua mbawakawa na kuwaachilia sebuleni, wengi wao wataishia dirishani wakifuata mwanga.

Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja ana njia ambayo mkazi wa London hana wakati wa baridi: kuitoa areka nje, kwenye kivuli cha baraza, mvua na nyigu wakafanya kazi yao. Itolewe polepole isije ikababuka kwa jua. Na kwanza waondolewe sisimizi, kwa sababu wao hufuata majimaji matamu ya magamba laini na kuwafukuza adui wa magamba hao. M. J. Way, aliyewachunguza sisimizi waitwao maji moto kwenye mikarafuu ya Zanzibar, alieleza ushirika wa namna hiyo kati yao na mdudu gamba katika makala aliyochapisha mwaka 1954. Chungu kikisimamishwa juu ya vitofali ndani ya beseni la maji, na makuti yasiguse ukuta wala mmea mwingine, sisimizi hawatapata pa kupandia.