Kabla hujaposti hiyo picha, jiulize ni ya nani

Kama unaamini picha haidanganyi, simama siku moja Mai Mahiu, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Naivasha na Nakuru, nyingine ikikata kushoto kwenda Narok. Magari ya watalii wa Maasai Mara hupita hapo kila siku, na kamera hazipumziki. Morani anapigwa, mama mwenye shanga anapigwa, gari linaondoka.

Sasa ziweke picha hizo mbili pamoja. Kwa desturi ya Wamaasai, morani hufuga nywele, akazisuka ndefu na kuzipaka udongo mwekundu. Mama naye hunyoa kichwa chote. Mwonyeshe mtu wa mbali asiyejua lolote kuhusu Wamaasai, umuulize mwanamume ni yupi. Akikosea usimcheke. Anasoma nywele kwa macho ya kwao, vile wewe na mimi husoma za wengine.

Endelea na hiyo barabara ya Narok hadi Bomet, kwa Wakipsigis. Huko, na kwa Wanandi, Wakikuyu na Wakamba pia, desturi imemruhusu mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, hasa akiwa hana mtoto wa kiume wa kurithi. Analipa mahari, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Kwa Wanandi, huyo anayeoa huhesabiwa mwanamume. Na si hadithi za nyanya tu: mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya Kinandi ya aina hiyo katika kesi ya urithi.

Ukivuka mpaka hadi mkoa wa Mara, Tanzania, Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Vyombo vya habari vya nje vimezipenda sana picha za ndoa hizo: wanawake wawili, boma moja, watoto miguuni. Shida huanza na maelezo yanayowekwa chini ya picha. Msomaji wa London akiambiwa hawa wameoana, anafikiria mapenzi ya jinsia moja. Kumbe wenyewe wanazungumzia ng'ombe, shamba na nani atashika nyumba, na aliyezaa na mke ni mwanamume wa nje. Picha haijabadilika hata kidogo, ila mstari mmoja wa maneno umeipeleka kwingine kabisa.

Lakini pia usirukie upande wa pili ukasema basi mapenzi ya jinsia moja yaliletwa na kamera za wageni. Wapo Wakenya wanaopenda hivyo, na wapo wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa kwenye cheti. Kwao picha si mchezo. Kifungu cha 162 cha sheria za uhalifu bado kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu hukumu hiyo. Mimi nina yangu. Ninachouliza hapa ni kuhusu simu iliyo mkononi mwako.

Kwa sababu majirani zetu walishaona mwisho wa mchezo huu. Oktoba 2010 gazeti dogo la Uganda liliitwa Rolling Stone (halihusiani na lile la Marekani) lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Mwanaharakati David Kato alikuwa ukurasa wa kwanza. Yeye na wenzake wawili walienda kortini, na mapema Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 mwezi huohuo, Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono. Polisi walisema kifo hicho hakikuhusiana na harakati zake, na mtu mmoja alifungwa miaka 30. Hata hivyo, fikiria wengine waliokuwa kwenye kurasa zile, wakisoma habari hiyo huku nyuso zao ziko mikononi mwa kila mtu.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka jinsia ya mtu na mwelekeo wake wa kimapenzi kwenye kundi la taarifa nyeti. Si maneno ya karatasi tu: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hivyo ile video ya jamaa aliyevaa rinda akinywa soda stejini, ambayo ulikuwa unataka kushea kwa grupu ndio watu wacheke, ifikirie tena.

Wapo wanaofanya kazi hii vizuri. Robin Hammond wa New Zealand, aliyeanza mradi wa Where Love Is Illegal mwaka 2014, alitumia filamu ya Polaroid kwa sababu rahisi: picha hutoka palepale. Mwenyewe alichagua nguo, mkao, na kama uso uonekane au ufichwe. Moyo ukikataa, aliruhusiwa kuiharibu.

Ila ninayempenda zaidi ni Zanele Muholi, wa Umlazi, Durban. Tangu 2006, kwenye kazi inayoitwa Faces and Phases, amekuwa akiwapiga picha za nyeusi na nyeupe wanawake wanaopenda wanawake na watu waliobadili jinsia, mmoja mmoja, wakimtazama mtazamaji machoni. Huwaita washiriki, na baada ya miaka hurudi kuwapiga tena wanapokuwa wamekua au wamebadilika. Picha hizo zikitundikwa ukutani kwenye maonyesho, utaona nafasi nyingine zimeachwa tupu. Baadhi ni za wale ambao hawapo tena, na nyingine zinasubiri picha ambazo bado hazijapigwa.